Acheni Kuongeza Oili, Fungueni Giaboksi

Chini ya pawatila yako kuna doa jeusi. Umelizoea. Unaliruka asubuhi ukienda kufungulia ng'ombe, unaliruka jioni ukirudi. Likiongezeka unaleta kidumu, unamimina oili, unafunga kizibo, unawasha mashine na kwenda shamba.

Msimu wa ngapi huu?

Nakuuliza wewe, mkulima mwenzangu wa Bahi, wa Kongwa, wa Chamwino, wa Mpwapwa, wa Manyoni. Oili ile imetoka wapi? Imetoka kwenye giaboksi. Kwa nini imetoka? Hujui. Hujui kwa sababu hujafungua, na hujafungua kwa sababu kuna mtu alikutisha kwamba giaboksi ni siri ya kiwandani, ikiguswa na mtu wa kijijini hairudi tena. Ukaamini. Ukalala.

Amka. Kuongeza oili si kutengeneza.

Narudia, maana jambo hili nimelisema kwenye vikao vya kijiji, nimelisema mnadani, nimelisema hata msibani, na watu wakatikisa vichwa kukubali kisha wakaenda kununua kidumu kingine. Kuongeza oili si kutengeneza. Ni kuulipa ugonjwa ili uendelee kukaa nyumbani kwako.

Tangu shule ya msingi tunaimbishwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Haya, ukuta wenyewe ndio huu: seti ya gia, shafti, beringi zote, na juu yake msimu mzima wa kilimo. Na ufa ni nini? Ni sili moja ya mpira iliyochakaa, ambayo bei yake haifiki debe la mahindi.

Debe la mahindi! Kwa sababu ya debe la mahindi tunaua mashine ya mamilioni, na hakuna anayelia.

Hebu tuseme kinachotokea humo ndani, maana wengi tunaendesha kitu tusichokijua. Ndani ya giaboksi kuna shafti zimelala sambamba. Juu yake kuna gia, na kila ncha ya shafti imekaa kwenye beringi. Oili iko chini. Gia za chini zinaichota zikizunguka, zinairusha, na zilizo juu zinapata mgawo wao. Oili ikipungua, inayokosa kwanza ni beringi ya juu kabisa, ile usiyoiona. Mashine inaanza kulia kidogo. Unasema ni uzee.

Si uzee. Beringi imekauka. Ikikauka inachemka, ikichemka inalegea, ikilegea shafti inacheza, na shafti ikicheza inazidi kuitafuna ile sili iliyokuwa inavuja kidogo tu. Unaongeza. Inatoka. Unaongeza. Inatoka. Bandu bandu huisha gogo, na gogo linaloisha hapa ni mashine ya kikundi chenu, iliyonunuliwa kwa mkopo ambao mpaka leo mnaulipa.

Na palipo na njia ya oili kutoka, pana njia ya uchafu kuingia. Vumbi la Dodoma tunalijua sisi tuliolipiga kifagio tangu utotoni: lina mchanga mkali ndani yake. Punje hizo zikiganda kwenye mdomo wa sili zinafanya kazi ya msasa. Zinakata mpira, kisha zinakata chuma chenyewe. Ukiivua shafti ya mashine iliyovuja misimu kadhaa, pitisha ukucha pale sili ilipokuwa inagusa. Ukucha unakwama. Pana mfereji. Mfereji huo ndio misimu yako ya kuongeza oili.

Ninyi wa mpunga wa Bahi ndio mnaonitia uchungu zaidi. Mashine inavuruga tope mchana kutwa, giaboksi imechemka, kisha mnaiingiza kwenye jaruba lenye maji ya baridi. Hewa iliyo ndani inasinyaa ghafla, na ikisinyaa inavuta. Inavuta nini? Inavuta maji, kupitia sili ileile mnayosema haina shida. Fungueni nati ya kumwagia oili muone wenyewe. Kinachotoka ni cheupe kama chai ya maziwa. Hiyo si oili tena, na beringi iliyokaa kwenye uji huo kiangazi chote mtaikuta imeota kutu siku mnayoihitaji.

Siku mnayoihitaji ni lini? Hapo ndipo ninapokosa subira.

Sisi hatuna masika na vuli. Tuna mvua moja. Inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, inaondoka Aprili, na kwa mwaka mzima tunapata kama milimita 550 hadi 600. Mara nyingi Februari inakatika katikati, na aliyechelewa kupanda anaangalia mahindi yake yakikunjamana yakiwa magotini. Mwenye giaboksi iliyokufa wiki ya pili ya Desemba hana muda wa kutafuta spea Dar es Salaam. Anaingia kwenye foleni ya kukodi trekta la mtu. Analima Januari inapoisha. Februari inampiga.

Ugogo huu una kumbukumbu ya njaa ambazo watu walizipa majina. Ile iliyokuja na Vita Kuu ya Kwanza na kuendelea baada yake wazee waliiita Mtunya, na vizazi vimepita jina halijafutika. Sisi tuna haki gani ya kucheza na siku za kupanda? Tuna haki gani ya kusema "nitaitazama baada ya mavuno"?

Watu wa Kongwa, ninyi hamna udhuru hata mmoja, kwa sababu somo hili limezikwa kwenye ardhi yenu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilishuka hapo na mpango wa karanga. Shabaha yake ilikuwa ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika, na bajeti ya kuanzia ilikuwa pauni milioni 25. Yakaletwa matrekta na mabuldoza, mengi yakiwa masalia ya Vita vya Pili vya Dunia, mengine yametolewa kwenye maghala ya jeshi huko Ufilipino. Kampuni ya Vickers ikageuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Vifaru! Kuja kulima Kongwa!

Miezi michache baadaye, mwaka uleule wa 1947, theluthi mbili ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa hayafanyi kazi.

Isome tena. Theluthi mbili.

Mashine zilifika zimechoka. Spea hazikutosha. Udongo wenu wenye mchanga mkali ulisaga majembe, na ukikauka haukuingilika. Walikusudia kulima ekari 150,000 mwaka wa kwanza, wakapanda kama 7,500. Januari 1951 mpango ukafutwa, na hasara ikatajwa kuwa pauni milioni 36. Kisa hiki tunapenda kukisimulia tukisema Waingereza hawakuijua mvua yetu. Kweli, hawakuijua. Lakini sehemu ya mashine tunaipitia haraka, na hiyo ndiyo inayotuhusu leo. Nchi tajiri, iliyotoka kushinda vita vya dunia, ilileta chuma kingi kuliko uwezo wake wa kukifungua na kukirudisha kazini, na chuma kikalala.

Sisi tukajifunza nini? Tarehe 3 Agosti 2009, hapahapa Dodoma, Rais Jakaya Kikwete alizindua Kilimo Kwanza. Nia ilikuwa njema, sitaibeza. Pawatila zikamiminika. Halmashauri zikanunua, vikundi vikagawiwa, funguo zikakabidhiwa mbele ya kamera. Nani alikuja na kisanduku cha sili? Nani alikuja na beringi za akiba? Nani alikaa na kikundi kutwa nzima, chini ya mti, akafungua kifuniko cha giaboksi mbele yao na kukirudisha, kisha akawaambia, sasa fanyeni ninyi?

Pawatila inafaa zaidi kwenye mashamba laini ya mpunga, kama yale ya Asia. Kwenye ardhi yetu kavu ilipata tabu, nyingi zikaachishwa jembe zikafungwa trela: matofali, mchanga, madumu ya maji, mizigo ya mnadani. Kazi si mbaya, inaleta pesa. Lakini trela lililozidishwa mzigo linaikamua giaboksi siku nzima, na oili ileile, na sili ileile. Leo zitafuteni. Ziko nyuma ya ofisi za vijiji, mbigili zimetambaa hadi kwenye usukani, matairi yamepasuka kwa jua. Ziulizeni zilikufa kwa nini. Nimekwenda kuzichungulia nyingi, na injini zake mara nyingi ni nzima. Kilichokufa ni giaboksi iliyoachwa ikavuja mpaka ikakauka.

Na kila Agosti tunajaa Nzuguni kwenye Nane Nane kushangaa mpya. Tunazipapasa rangi. Tunakaa kwenye kiti tupigwe picha. Hakuna anayemwuliza muuzaji: sili ya ekseli ni namba ngapi, na duka gani hapa mjini linayo?

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi. Basi nikuulize, giaboksi yako inavyovuja, nafuu ni ya nani? Yako? Si yako. Ni ya anayekuuzia kidumu kila wiki. Ni ya fundi anayekuja kupaka gundi kila mwezi na kulipwa kila mwezi. Ni ya yule atakayeandika zabuni ya mashine mpya kwa sababu za zamani "zimechakaa". Wote hao doa lako jeusi linawalisha. Wewe peke yako ndiye unayelilipia, na wewe ndiye unayelificha kwa kutupia mchanga juu yake.

Fundi mmoja, jina lake nalihifadhi, alichukua kwangu pesa ya sili za ekseli zote mbili. Nilipokuja kufungua mwenyewe nilikuta ameweka sili upande mmoja tu. Upande wa pili alijaza gundi nyekundu, akaifuta kwa nje ipendeze. Vipande vya gundi ile vilikuwa vimekatika vikaogelea ndani ya oili mpaka kwenye beringi. Sikumlaani kwa pesa. Nilimlaani kwa sababu najua kuna wajane na vikundi vya akina mama anaowatengenezea vilevile, nao hawatafungua kamwe.

Kwa hiyo fungueni. Nyumbani kwenu, uani, kiangazi hiki, kabla ya mvua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Lakini kabla hujashika spana, ioshe mashine. Namaanisha ioshe: tope, grisi kuukuu, majani, vyote, kwa mafuta ya taa na brashi, mpaka chuma kionekane. Usipoosha hutajua inavuja wapi, na mchanga wote ulioko nje utaingia ndani ukifungua. Ikikauka iwashe, iendeshe, kisha chungulia kwa tochi. Oili hutiririka chini, hivyo panapodondoka sipo panapovujia. Fuata unyevu kwenda juu mpaka chanzo chake.

Halafu tafuta tundu la kupumulia. Nakuomba kwa dhati, ukisahau yote usisahau hili. Juu ya giaboksi kuna kitundu, pengine kimo kwenye kizibo chenyewe cha kujazia, ambacho kazi yake ni kuruhusu hewa itoke giaboksi inapochemka. Kwetu kitundu hicho huzibwa na tope na vumbi. Kikizibwa, hewa iliyochemka inatafuta njia nyingine, na njia rahisi ni kusukuma oili ipite kwenye mdomo wa sili. Kuna watu wamebadilisha sili mara kwa mara, kila mara inavuja, wakalaumu sili kwamba ni feki. Kitundu kimezibwa! Waya mwembamba na dakika moja ndiyo dawa yake.

Sili feki zipo pia, sikatai, na wanaoziingiza nchini wanajua wanachowafanyia watu. Lakini usiingie dukani na mdomo mtupu ukisema "nipe sili ya pawatila". Ukisema hivyo utapewa chochote. Sili imeandikwa usoni namba tatu: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje, unene, vyote kwa milimita. Beringi nayo ina namba yake. 6205 ni 6205 Dodoma, Nairobi na Tokyo: milimita 25 ndani, 52 nje, 15 unene. Haijalishi mashine imetoka nchi gani. Hiyo siri uliyotishiwa nayo imeandikwa wazi kwenye chuma, na anayejua kusoma namba anaijua.

Mwaga oili ikiwa vuguvugu, kwenye beseni safi, uitazame. Nyeupe, kuna maji. Inameta unga wa fedha kidogo, ni uchakavu wa kawaida. Ina vipande vinavyokwaruza vidoleni, kuna gia au beringi imevunjika, na hapo hakuna ujanja, giaboksi ifunguliwe yote. Usiimwage chini. Lita moja ya oili chafu ukiipeleka korongoni, mvua itaishusha kwenye kisima ambacho watoto wako wanachotea.

Ukianza kuvua, piga picha kwa simu kila hatua. Tandika kiroba safi, panga kila kilichotoka kwa mpangilio uleule uliotokea. Zile washa nyembamba unazoziona hazina maana ndizo zinazoipa shafti nafasi yake sahihi. Ikipotea moja, utafunga na mashine italia. Watoto wafukuze. Kuku wafukuze. Upepo wa mchana wa Dodoma unabeba mchanga, basi fanya kazi alfajiri au ndani ya chumba.

Shika shafti, itikise juu na chini. Ikicheza, beringi imekwisha, na sili mpya juu ya beringi mbovu ni pesa ya kutupa. Hapa ndipo mafundi wetu wengi wanapotuibia bila hata kujua kwamba wanaiba: wanabadilisha kinachovuja wanaacha kinachosababisha.

Kuna mfereji kwenye shafti? Kama ni mwembamba, ikalishe sili mpya mbele kidogo au nyuma kidogo, milimita moja au mbili, ili mdomo wake uguse chuma kizima. Kama ni wa kina, peleka shafti kwa fundi wa kerezo aijaze na kuichonga upya. Upande wa sili wenye springi utazame ndani, kwenye oili. Nimekuta zimewekwa kinyumenyume na watu wenye gereji na kibao. Mdomo wake upake oili kwanza, maana sili ikianza kuzunguka kavu inaungua saa ya kwanza. Shafti yenye meno ifunge kwa utepe wa karatasi au plastiki kabla ya kuipitishia sili, meno yasiukate mdomo. Kisha isukume kwa kipande cha bomba kinachoenea duara lake lote, ukigonga taratibu, iingie sawa pande zote. Mwenye kugonga kwa nyundo pembeni ameiua kabla haijafanya kazi.

Na ile gundi, nakusihi. Gasketi ikichanika, nunua karatasi ya gasketi ukate nyingine kwa kufuata umbo. Ukilazimika kutumia gundi, iwe utando mwembamba. Bolti zikaze kwa kupishana, ya huku na ya kule, hatua kwa hatua, usianze upande mmoja ukamaliza.

Oili gani? Oili ya gia, ile namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine, mara nyingi ni 90. Siyo oili chafu iliyomwagwa kwenye bodaboda. Nasikia mkiambiana eti oili chafu "inatosha kwa giaboksi". Inatosha kuiua. Ni nyepesi, imebeba masizi na vumbi la chuma, na kwa wepesi wake inavuja haraka zaidi. Wala msijaze grisi kwa hila ya kuzuia kuvuja. Gia inapozunguka huisukumia grisi pembeni, nayo hairudi, na meno yanabaki makavu huku wewe ukifurahi kwamba hakuna tena doa. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kujaza kuna mpaka wake pia: kuna nati ya kipimo ubavuni, oili ikifika hapo inaanza kutoka, funga. Ukizidisha unaunda kuvuja kwingine kwa mkono wako.

Na ninyi wa mjini msidhani haya ni ya wakulima. Dodoma ni jiji tangu Aprili 2018, na pamoja na ujiji zimekuja nyasi za kupandwa na mashine za kukalia za kuzikatia. Giaboksi ya nyingi kati ya hizo ni ya aina nyingine: pampu inasukuma oili, na oili yenyewe ndiyo inayozungusha magurudumu. Oili ikipungua, mashine inapoteza nguvu, kwanza ikiwa imechemka, kwanza kwenye mwinuko. Mtunza bustani anaambiwa: hii haifunguliwi, nunueni giaboksi nzima. Bosi anasaini. Ya zamani inatupwa.

Inafunguliwa. Sili za ekseli kwenye nyingi ya mashine hizo zinatoka kwa nje: vua gurudumu, ondoa loki yake, toa sili. Kilichoiunguza mara nyingi ni joto, na joto limeletwa na nyasi kavu zilizoganda juu ya mapezi ya kupozea, au feni ndogo ya plastiki iliyovunjika mabawa bila mtu kutazama. Ukishajaza oili mpya lazima utoe hewa: nyanyua magurudumu ya nyuma, vuta kile chuma cha kuachia giaboksi, sogeza mbele na nyuma taratibu mara kadhaa, rudisha, urudie, kisha angalia oili tena. Asiyetoa hewa anakuta mashine haina nguvu anasema giaboksi imekufa. Haijafa. Imejaa hewa.

Nikwambie kinachonichoma roho. Huko Marekani wakulima wamepigana miaka mingi wapate ruhusa ya kutengeneza matrekta yao wenyewe, maana mitambo ya kisasa imefungwa kwa programu za kompyuta ambazo ni wakala tu anazo. Aprili 2023 jimbo la Colorado likawa la kwanza kupitisha sheria inayowalazimisha watengenezaji kuwapa wakulima vipuri, vifaa na maelezo, ikaanza kutumika Januari 2024. Walikwenda bungeni kuidai spana! Sisi tunayo. Pawatila yako haina kompyuta. Haina kufuli. Ina bolti, namba za spana zinajulikana, na hakuna sheria inayokuzuia. Kilichofungwa ni nini basi, kama si moyo wako?

Sisemi kila mtu awe fundi. Nasema kila kikundi chenye pawatila kiwe na mtu wake aliyewahi kuifungua giaboksi yote na kuirudisha ikafanya kazi. Mmoja tu. Kijana wa kike au wa kiume, apelekwe kozi fupi ya VETA, au akae na fundi mwaminifu msimu mmoja, alipiwe nauli. Tunazo VETA tangu 1994 na SIDO tangu 1973, tunayo CAMARTEC kule Arusha kwa ajili ya zana hizihizi. Vijana wetu wanafundishwa magari, na ni vizuri, lakini giaboksi ya pawatila ilazwe mezani kwenye karakana hizo, ivuliwe na kufungwa na kila mwanafunzi wa nyanda hizi za kati.

Na ninyi mnaonunua kwa niaba yetu, waheshimiwa madiwani na maofisa wa halmashauri, mnisikilize vizuri maana hapa sitanii. Mashine inayokuja bila sili zake, bila beringi zake, bila kitabu chake kilichoandikwa kwa Kiswahili, msiipokee. Irudisheni. Andikeni kwenye zabuni: spea za misimu mitatu, mafunzo ya kufungua na kufunga mbele ya wanakikundi, orodha ya namba za sili na beringi ibandikwe kwenye mashine yenyewe. Muuzaji asiyekubali hilo anajua mashine yake haitadumu, na anataka muwe mmeshasaini.

Kabla hamjaandika zabuni nyingine, nendeni nyuma ya ofisi zenu za vijiji mkahesabu zilizolala. Fungueni tatu tu, mbele ya wananchi. Vueni sehemu mbovu, ungeni nzima. Nina hakika kwenye kila tatu mtapata moja ya kulima, pengine mbili, kwa pesa isiyofika posho ya kikao kimoja.

Kikundi je? Najua maneno yenu. "Ni ya wote." "Mwenyekiti hayupo." "Hela ya kikundi imeisha." Oili ya kuongeza mnaitoa wapi basi? Kila anayeichukua kwenda shambani ananunua kidumu chake, hakuna anayeandika. Anzeni kuandika. Tundikeni daftari kwenye ukuta wa stoo: tarehe, lita, nani. Mkifika mwisho wa mwezi jumlisheni kwa sauti mbele ya wote, kisha mlinganishe na bei ya sili. Watakaobaki wanataka kuongeza baada ya hapo wataje majina yao.

Kiangazi bado kipo. Vua gurudumu leo jioni, toa sili ya zamani bila kuikwaruza nyumba yake, ifute, soma zile namba tatu. Kesho maduka ya spea mjini yakifunguliwa, uwe mlangoni na sili hiyo mkononi.